Matete hayasafishi maji peke yake

Anayetaka kusafisha maji taka ya nyumbani kwa mimea huanza kuuliza apande nini. Swali hilo lingekuja mwisho. Kwenye kitanda cha kokoto, yaani shimo lililojazwa kokoto na kupandwa matete ili maji taka yapite humo polepole, kazi kubwa hufanywa na bakteria walioshika kwenye mawe na mizizi; matete yenyewe hunyonya sehemu ndogo tu ya naitrojeni na fosforasi.

Hesabu ni nyepesi. Nyumba ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 80, hutoa lita 480 kwa siku. Kitanda cha mita 6 kwa 2, chenye maji ya kina cha sentimita 50 na kokoto zenye nafasi ya asilimia 40 hivi kati yake, hubeba lita 2,400. Maji hukaa humo siku 5. Chini pasipitishe maji, mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita. Pa kuingilia weka mawe makubwa, kisha kokoto za milimita 10 hadi 20 zilizooshwa vizuri, maana vumbi lake huziba. Bomba la kutokea lifungwe elbo (kiungo kilichopinda) inayozungushwa: ukiilaza maji yanashuka, ukiisimamisha yanapanda. Yaache sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto, mbu wasipate pa kutagia.

Vitanda vingi havifi kwa ajili ya mimea, hufa kwa tope. Karo, yaani tangi la kutuliza tope kabla maji hayajafika kitandani, likijaa na gari la kunyonya lisiitwe, uchafu na mafuta ya jikoni huingia kwenye kokoto, na siku moja unakuta maji meusi yanatiririka juu. Hapo dawa ni koleo: toa kokoto, osha, rudisha. Hata vitanda vya utafiti vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilipewa maji yaliyokwisha kupita kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka.

Anayesema shimo la kudidimiza maji ni rahisi zaidi hakosei. Halidai mita 12 za mraba, na uswahilini nafasi hiyo haipo. Lakini pwani, penye maji ya ardhini karibu na visima vifupi, shimo hilo hupeleka kinyesi kisimani kwa jirani. Hapo kitanda kinashinda, ingawa ukikiinua juu ya ardhi huenda ukahitaji pampu, na umeme ukikatika ndiyo basi.

Magugumaji sishauri. Ni kweli yanakua upesi na kunyonya sana. Ila yanataka bwawa la wazi, na yasipovunwa mara kwa mara huoza na kurudisha uchafu majini. Wakazi wa Ziwa Victoria wanayajua tangu karibu 1990.

Maji yanayotoka huonekana meupe, lakini vijidudu vya kuharisha bado vimo. Yapeleke kwenye migomba, kwa mfereji uliofunikwa. Si kwenye mchicha, wala nyanya za kachumbari.