Kumbukumbu inayomstahili Meya Riley

Namshukuru mwandishi wa makala niliyoyasoma kuhusu Joseph P. Riley, aliyekuwa meya wa Charleston, jimbo la Carolina Kusini, Marekani, tangu Desemba 1975 hadi Januari 2016, ila sikubaliani naye anaposema kwamba bustani ya kando ya mto Cooper, iliyopewa jina la meya huyo, ndiyo kumbukumbu inayomfaa zaidi. Bustani ile, iliyofunguliwa mwaka 1990, ni nzuri, lakini wanasiasa wengi huachiwa bustani. Kazi iliyo nzito zaidi ni Makumbusho ya Kimataifa ya Wamarekani Weusi, aliyoyapigania tangu mwaka 2000 na ambayo yalifunguliwa mwaka 2023, yeye akiwa ameshatoka madarakani, kwenye gati la Gadsden, mahali ambapo makumi ya maelfu ya Waafrika waliotekwa walishushwa na kuuzwa. Mwaka huohuo wa 2000 aliongoza matembezi ya kwenda Columbia, mji mkuu wa jimbo, takriban kilomita 190, kudai bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita kulinda utumwa iondolewe juu ya jengo la bunge la jimbo. Makala hayakugusia hilo hata kidogo.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Ukarabati wa katikati ya mji uliovutia watalii ulipandisha bei za nyumba, na familia nyingi za Weusi zikalazimika kuhamia pembezoni. Ningependa makala mengine yatuletee maoni ya familia hizo kuhusu miaka yake 40.