Kumbloku Kusiwe Hatua ya Kwanza

Penzi la mtandaoni likivunjika kwa shari, matusi na vitisho vikaanza kumiminika, kila rafiki atakuambia: "Mbloku, yaishe." Ushauri huo una nia njema, lakini ukifuatwa mapema unamfaidi msumbufu. Ukimripoti mtu WhatsApp na kukubali kumbloku papo hapo, mazungumzo yenu hufutika kwenye simu yako. Umebaki mikono mitupu, naye ana kila kitu.

Kusanya kwanza. Jina ulilomsevu nalo halithibitishi lolote, kwa hiyo fungua wasifu wake ili namba yenyewe ionekane, ndipo upige picha ya skrini. Tarehe na saa zionekane. Usikate kingo wala usichore duara jekundu, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime ushahidi ulivyotunzwa. Facebook na Instagram, nakili kiungo cha wasifu wake pamoja na cha kila chapisho, kwa sababu jina la akaunti hubadilishwa wakati wowote. Kama meseji zake zinajifuta zenyewe, zipige picha kwa simu nyingine. Hamisha soga nzima kwenye barua pepe yako. Simu iliyopokea vitisho usiiuze wala usiifomati.

Kisha funga milango. WhatsApp, angalia "Vifaa vilivyounganishwa" uondoe usichokitambua. Wapo waliosomewa meseji miezi mingi kwa sababu mwenzao aliwahi kuishika simu yao kwa dakika mbili tu. Badilisha paswodi ya barua pepe kabla ya nyingine zote, kwani akiwa nayo ataweza kuzibadilisha zile nyingine moja baada ya moja. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na zima ushirikishaji wa mahali ulipo kwenye Google Maps.

Anatishia kusambaza picha zako za faragha? Usilipe. Malipo ya kwanza humwonyesha kwamba unaweza kulipa, na dai la pili hufuata. Kama umeshalipa, hifadhi ujumbe wa muamala. Ujumbe huo una namba ya kumbukumbu na jina la aliyepokea. Ikiwa una umri wa miaka 18 au zaidi na picha zenyewe unazo, nenda StopNCII.org, tovuti ya kuzuia picha za faragha zisisambazwe. Picha haitoki kwenye simu yako: hutengenezewa alama ya kidijitali, na alama hiyo pekee ndiyo hupelekwa kwa mitandao shiriki kama Facebook, Instagram na TikTok ili izuie nakala zake. Udhaifu wake ni kwamba picha ikikatwa au kuhaririwa huweza kupenya, na huduma hiyo haifiki ndani ya mazungumzo ya siri ya WhatsApp. Kwa picha za aliyepigwa akiwa chini ya miaka 18, huduma ya kutumia ni Take It Down.

Tanzania, nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Taja kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Kenya ni kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, na unaweza kuiomba mahakama imwamuru aache. Wewe usimjibu kwa kuanika picha zake; utakuwa umetenda kosa lilelile, na kesi yako itaharibika.

Mpe simu ndugu unayemwamini akusomee meseji hizo, usizilale nazo usiku kucha. Na wewe uliyetumiwa picha ya mtu ukaipitisha kwenye kundi la familia "ili wajue", umeshiriki kumtesa.

Ukishamaliza hayo, mripoti na umbloku kila mahali siku hiyohiyo. Akirudi kwa namba mpya, usimjibu hata neno moja: piga picha ya skrini, andika namba ya RB pembeni, mpelekee askari anayeshika jalada lako.