Mchoro wa nyota na haki ya aliyepiga picha

Mchoraji akimchora Eliud Kipchoge kwa penseli na kuitandaza kazi yake mtandaoni, mabishano huwa ni yale yale. Wengine husema anapoteza kipaji kwa sura za watu maarufu badala ya kubuni yake. Wengine husema ushabiki ndio shule ya mchoraji. Mimi nasimama na hao wa pili, ila naona pande zote mbili zinamsahau mtu ambaye bila yeye mchoro usingekuwepo, yaani aliyepiga picha iliyochorwa.

Hoja ya watetezi ina uzito. Mtu hawezi kukaa siku nzima na uso asioujali, na uso unaojulikana na kila mtu hauna msamaha. Ukikosea kidogo tu nafasi kati ya pua na mdomo, Lupita Nyong'o anageuka kuwa mwanamke mwingine anayemfanania, na hata mtoto ataliona kosa hilo. Ukimchora jirani yako, wa kukusahihisha ni wachache. Japani wanalijua hili vizuri. Tangu mwaka 1975 mashabiki hukusanyika Tokyo kwenye maonyesho ya Comic Market kuuziana vijitabu walivyovichora wenyewe, vingi vikiwa na wahusika wa kampuni kubwa, na kampuni hizo mara nyingi hufumba macho. Kundi la CLAMP, ambalo baadaye lilipata jina kubwa katika katuni za Kijapani, lilianzia kwenye vijitabu vya namna hiyo.

Upande wa pili nao una la kweli. Mchoro wa nyota ukisambaa, ni vigumu kujua watu wamependa mkono wa mchoraji au wamempenda nyota. Tena wengi hugawa picha kwa miraba na kuinakili mraba kwa mraba, hivyo mkono unazoea kufuata vivuli vilivyokwisha kuamuliwa na kamera. Mbele ya mtu hai anayepumua na kugeuza shingo, mkono huo hukwama. Lakini dawa yake ni kuchora pia watu waliokaa mbele yako: shangazi, fundi cherehani, abiria aliyesinzia. Kuacha ushabiki hakutibu chochote.

Kesi kuhusu picha ya Prince, mwanamuziki wa Marekani, inaonyesha pale ambapo jambo hili linakuwa zito. Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki huyo studio kwake New York. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili msanii maarufu Andy Warhol aitumie picha hiyo kutengeneza mchoro mmoja, utakaotumika mara moja. Warhol hakuishia kwenye mmoja, alitengeneza kazi 16. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya Condé Nast, mchapishaji wa Vanity Fair, iliilipa taasisi ya Warhol dola 10,000 kwa kutumia mmoja wa michoro hiyo kwenye jalada la toleo maalumu. Goldsmith hakulipwa kitu, wala jina lake halikuandikwa.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki Goldsmith kwa majaji saba dhidi ya wawili. Sababu yao haikuwa kwamba Warhol hakuongeza lolote. Waliangalia matumizi: picha ya Prince kwa ajili ya jarida linalomzungumzia Prince, na hilo ndilo soko la mpiga picha mwenyewe. Jaji Elena Kagan alipinga kwa ukali, akikumbusha kwamba wasanii wamekuwa wakijenga juu ya kazi za wenzao tangu zamani, kama mchoraji Francis Bacon alivyomchukua Papa wa Kanisa Katoliki aliyechorwa zamani na Velázquez na kumfanya apige mayowe.

Kagan anasema kweli kuhusu historia ya sanaa, na hofu yake naielewa. Lakini Velázquez alikuwa amekufa karne nyingi kabla ya Bacon kushika brashi. Goldsmith alikuwa hai, anafanya kazi, anauza picha zake kwa majarida yale yale. Hapo mimi nakubaliana na wale saba.

Hukumu ya Washington haimfungi mchoraji wa Nairobi, lakini sheria ya Kenya nayo inaipa picha ulinzi wa miaka 50. Sioni ubaya wowote kwa anayechora kujifunza, kumpa rafiki zawadi au kuonyesha mapenzi yake kwa mwanariadha. Mambo hubadilika anapochapa nakala za kuuza, au kampuni inapomwomba mchoro wa tangazo. Hapo kuandika jina la mpiga picha chini ya kazi ni adabu njema, ila si malipo. Mpiga picha aliyenasa jasho la Kipchoge alibeba lenzi nzito, akajibana kando ya barabara tangu alfajiri, na pembe ile ya mwanga ambayo mchoraji anasifiwa kwayo aliichagua yeye. Mara nyingi anaishi mji ule ule na anapatikana kwa simu. Aombwe ruhusa kabla penseli haijagusa karatasi ya oda, na fungu lake lipangwe humo humo kwenye bei anayotajiwa mteja.