Nyimbo za Watu Wazima Ndani ya Basi la Shule

Linalonikera kupita kiasi ni madereva wa mabasi ya shule wanaowafungulia watoto wa chekechea nyimbo za mapenzi ya watu wazima, tena kwa sauti ya juu, kutoka Mbagala hadi mjini, katika foleni ya Barabara ya Kilwa ambako mtoto hana pa kukimbilia. Bongo Fleva naipenda, nimekua nayo. Lakini binti yangu, ambaye bado anachanganya herufi b na d, juzi alikuwa akichambua mchele na bibi yake huku akiimba, neno kwa neno, kibwagizo cha mambo ya chumbani, hadi bibi akaweka ungo chini na kunitazama mimi. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lina uwezo wa kuufungia wimbo, na hilo ni jema, ila haliwezi kupanda kila basi alfajiri. Waliomo humo ni dereva na matroni. Nauli tunalipa kila muhula. Basi waizime redio hiyo, au wachague nyimbo zinazowafaa watoto.