Shemeji Milionea wa Hanoi

Pale uwanja wa ndege wa Noi Bai, Hanoi, ukishachukua mizigo na kutoka nje unakutana na ATM zimejipanga. Shemeji yangu aliivamia ya kwanza kabla sijaweka begi chini. Nikamwambia subiri tusome skrini pamoja. Akanijibu bila kugeuka, "Shemeji, ATM ni ATM."

Vietnam dola 1 ni zaidi ya dong 25,000, kwa hiyo mashine za huko hazikuulizi unataka elfu ngapi, zinakuuliza milioni ngapi. Nyingi zinagota milioni 2 au 3 kwa mkupuo mmoja, chache zinafika 5. Yake ilifika 5. Alipoona "5,000,000" alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akatazama kushoto na kulia kama kuna mtu anayeshuhudia. Akabonyeza.

Sasa kuna jambo. Tarakimu za mwanzo za kadi yoyote zinaiambia mashine kadi hiyo imetolewa na benki gani na ya nchi gani. Ya shemeji ilikuwa ya akaunti ya dola. Basi mashine ikamletea skrini ya adabu kabisa: tukukate dola 208.33, kiwango hakibadiliki, au uendelee bila sisi kukubadilishia? Kitufe cha kukubali kilikuwa kikubwa, kijani. Cha kukataa kilijibanza pembeni, na maneno yake yamepangwa ili ukisoma udhani ukikigusa pesa hazitoki.

Shemeji akaguswa. "Unaona? Wanazijua dola zetu. Hii ndiyo heshima." Mkono wangu ulichelewa kidogo tu, kijani kilikuwa kimeshabonyezwa.

Heshima yenyewe ilikuwa ya dola 12. Siku ile dola ilikuwa kwenye dong 25,500, kwa hiyo milioni 5 ni dola 196. Mashine ilimhesabia dong 24,000 kwa dola, tofauti ikabaki kwa wenye mashine. Ukikataa, muamala haufi hata kidogo. Unakwenda kwa dong, na ubadilishaji wanafanya mtandao wa kadi (Visa au Mastercard) na benki yako, karibu kila mara kwa kiwango kilicho bora. Ada ya kutolea pesa ni suala jingine. Hiyo ina skrini yake, na ukiiona imezidi unaghairi unahamia mashine ya jirani, hakuna anayekudai.

Pesa zikatoka kwanza, kadi baadaye. Yeye yuko kwenye kuhesabu, midomo inacheza, kadi inalia pip pip pip nyuma yake. Nikaichomoa mimi. Ukiiacha nusu dakika hivi mashine inaivuta ndani, na kuidai kadi ya benki ya kigeni ni shughuli ya pasipoti, simu na kusubiri saa za kazi. Mara nyingine huipati tena.

Alipata noti 10 za 500,000, mpya, za plastiki. Noti hizi zikiwa mpya zinagandana, unatoa moja kumbe umetoa mbili. Dawa yake ni kuzikunja kidogo na kuzisugua moja moja kwa kidole gumba. Shemeji hakusugua kitu. Teksi ilikuwa 350,000, akatoa moja, akarudishiwa 100,000, mbili za 20,000 na moja ya 10,000. Zote akazisokomeza mfuko mmoja na zile kubwa.

Kosa la mfuko huo halionekani mchana. Noti ya 20,000 ni ya buluu. Noti ya 500,000 nayo ni ya buluu, iliyoelekea kijani. Zote zina uso uleule wa Ho Chi Minh, mwasisi wa taifa lao, maana yuko kwenye noti zote wanazotumia. Nyuma ndiko zinakoachana: ya 20,000 ina daraja la kale la Hoi An lenye paa, ya 500,000 ina nyumba alikokulia Ho Chi Minh. Lakini nani anageuza noti mlangoni mwa hoteli, usiku, chini ya taa za manjano, huku kijana mchukuzi ameshika begi lako anatabasamu? Shemeji akachomoa ya buluu. "Chukua kijana, 20,000, ukanywe chai." Akampa kwa mikono miwili, kifua mbele.

Kesho yake ndipo nilipoanza kushangaa. Bakshishi huko si desturi ya lazima, lakini yule kijana alikuwa na shemeji kila mahali. Lifti ikifunguka, yupo. Tukitoka, mwavuli juu ya kichwa cha shemeji, na jua lenyewe limejificha mawinguni. Saa nne asubuhi ikaja sahani ya matunda yaliyokatwa kwa umbo la maua. Mimi niliyelala chumba cha jirani sikuletewa hata kisu.

"Watu wa Asia," shemeji akanifundisha huku anatafuna, "wanamtambua mtu mkubwa kwa kumtazama tu usoni."

Mchana tukakaa kwenye vile viti vidogo vya plastiki kando ya barabara, tukaagiza chai ya barafu. Mama muuzaji alikuwa amening'iniza kibao cha QR, ule msimbo wa kulipia kwa simu. Hanoi hata mwenye beseni la ndizi ana QR, lakini ile inasomwa na programu za benki za mle nchini na za nchi chache za jirani walizounganishwa nazo. Shemeji akaipiga kwa kamera ya simu ya kawaida. Simu ikamtolea mstari mrefu wa tarakimu: 00020101021138 na kuendelea. Huo ni mwanzo wa kawaida wa msimbo wenyewe, unaoeleza toleo na aina yake. Shemeji akaweka glasi chini polepole.

"Shemeji. Chai hii ni bilioni ishirini."

Nikamlipia mama noti ya 10,000 kutoka mfukoni kwa shemeji, glasi mbili, tukaondoka. Kwa vitu vya barabarani ni taslimu, tena ndogo ndogo. Kadi ni ya hoteli na maduka makubwa, na hata huko uliza kwanza, maana wengi wanaongeza asilimia 3.

Jioni akamwaga mfuko kitandani. Hesabu ilikuwa rahisi: kubwa 10, moja ya teksi, zibaki 9. Zikawa 8. Ndogo za buluu zilitakiwa kubaki moja, zikawa mbili. Akahesabu tena. Akanitazama. Akaitazama sahani ya matunda. Nikaona kabisa ukubwa wa uso wake unapungua.

"Kwa hiyo ule mwavuli..."

"Dola ishirini kasoro, shemeji."

Kudai ilishindikana. Utamwambiaje kijana aliyekushikia mwavuli bila mvua? Ila nilimwonyesha kipimo kisichohitaji mwanga. Noti hizi upana ni sawa, milimita 65, lakini urefu unatofautiana kwa makusudi: ya 20,000 ni milimita 136, ya 500,000 ni 152. Pasipoti ina urefu wa 125. Ilaze noti juu ya pasipoti: ikitokeza sentimita 1 ni ndogo, ikitokeza karibu 3 rudisha haraka mfukoni.

Siku ya kuondoka, mapokezi wakaleta mashine ya kadi, na mhudumu akawa ameshachagua dola kwa niaba yake. Safari hii shemeji akanguruma: futa, anza upya, dong! Wakafuta, wakatoa risiti ya kufuta, wakaanza upya. Hilo ni haki ya mwenye kadi, mradi useme kabla hujasaini.

Nje walikuwa wamejipanga wachukuzi watatu, habari ilishaenea. Begi lilikuwa moja, la mgongoni. Yule kijana wetu akalinyakua, akalikumbatia, akasubiri.

Shemeji akatoa pasipoti. Akatoa noti. Akailaza juu yake, akainama, akafumba jicho moja, akapima mbele ya wote watatu. Sentimita moja. Akatabasamu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Kijana akaigeuza, akaliona daraja. Akalishusha begi taratibu kwenye ngazi, akaingia ndani.