Mzizi umepimwa, sawa, ila kilichopimwa ni nini hasa?

Kila mjadala wa dawa za miti shamba ukiibuka hapa kwetu watu wanagawanyika palepale, na kila upande una sentensi yake moja ambayo unaamini imemaliza kesi. Wa kwanza wanasema babu na bibi zetu wamekunywa hiyo kitu miaka na miaka na hawakufa. Wa pili wanasema ipelekwe maabara, ikipita tutakunywa. Mimi nina shida na zote mbili, ila hiyo ya pili inanisumbua zaidi mana inasikika ya kisomi na watu wakishaisikia hawaulizi tena kitu.

Mchukue marehemu Babu wa Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, mwaka 2011. Kijiji cha Samunge, mzizi wa mugariga umechemshwa, kikombe kimoja shilingi 500, watu wanatoka mikoa yote na Kenya, wengine na helikopta kabisa. Serikali ikatuma wataalamu, na jibu lililotangazwa likawa kwamba dawa haina madhara kwa binadamu. Hapo kila mtu akasikia alichotaka kusikia, wengi wakasikia "inaponya" wakati aliyesema hakusema hivyo.

Sasa kuna kitu hapa watu hawakioni. Kwa kikombe kile cha Babu, kipimo cha sumu ya papo hapo kilikuwa karibu kinatosha, kwa sababu mtu alikuwa anakunywa mara moja tu anarudi kwao. Swali "je atakufa au ataugua leo kesho" ndo lilikuwa swali lenyewe. Madhara makubwa ya Loliondo hayakutoka kwenye kikombe, yalitoka kwa watu walioacha ARV na dawa za sukari wakiamini wamepona, na hilo hakuna panya wa maabara atakayekuonyesha. Lakini dawa nyingi tunazokunywa haziko hivyo. Mtu wa sukari anakunywa majani asubuhi na jioni miezi sita, mwaka, miaka mitatu, halafu anakuja mtu na cheti cha kipimo kilekile cha papo hapo anasema iko salama. Salama kwa muda gani?

Tuanze na kinachopimwa. Bibi anachemsha mzizi na maji, basi. Mwanafunzi wa masters anachukua mzizi uleule anaukausha, anausaga, anauloweka siku moja mpaka tatu kwenye methanoli au dikloromethani, vimiminika vya kuyeyushia vinavyoitwa solventi, anachuja, anaweka kwenye ile mashine inayozungusha chupa juu ya maji ya moto ili solventi iondoke, na anabaki na kitu cheusi kinanata kama ulimbo. Hicho kinaitwa dondoo, na ndo kinapimwa. Na kila solventi inavuta vya kwake: heksani inavuta mafuta na nta, dikloromethani inavuta vingine visivyopenda maji, maji yenyewe yanavuta tanini, saponini, sukari na vile vya chumvichumvi. Kwa hiyo ripoti inaposema "mti fulani una sumu" au "hauna sumu" mara nyingi inaongelea kitu ambacho hakuna mgonjwa aliyewahi kukinywa.

Kwa nini wanafanya hivyo? Sio ujinga. Kwanza maji ni magumu kukausha, unahitaji mashine ya kugandisha na kukausha kwa pamoja ambayo sio kila chuo kinayo na mahali umeme unakatika ndo kabisa, na maji ya mizizi ukiyaacha mezani siku mbili yanaota ukungu. Pili, na hii ndo sababu kubwa, wakemia wengi hawatafuti usalama, wanatafuta molekuli mpya ya kuandika kwenye jarida. Hilo ni jambo zuri tu, dawa zimepatikana hivyo. Tatizo ni pale kazi iliyofanywa kwa lengo moja inapogeuzwa ushahidi wa lengo lingine.

Hapa waganga wakisema kinachopimwa sio wanachotoa wao, wana hoja ya kweli kabisa na tuwape. Mfano mzuri ni hoodia ya Wasan kule kusini mwa Afrika, mmea wanaoutafuna porini kuzuia njaa na kiu. Taasisi ya utafiti ya CSIR ya Afrika Kusini ikasajili hataza (haki ya kumiliki ugunduzi), makubaliano ya kugawana faida na Wasan yakaja baadaye, 2003, baada ya kelele. Unilever wakaingia wafanye bidhaa ya kupunguza unene, wakachuja na kukoleza dondoo, na 2008 wakajitoa wakitaja usalama na ufanisi. Matokeo ya jaribio lao kwa binadamu yalipochapishwa 2011 yalionyesha waliotumia dondoo kwa siku 15 walipata kichefuchefu, kutapika na presha kupanda. Mtu akisema "hoodia ni hatari" amesema uongo nusu, kilichopimwa ni dondoo la kiwanda, sio kipande cha shina kinachotafunwa jangwani. Ila na yeye anayesema "Wasan wanakula kwa hiyo vidonge vyake viko salama" amedanganya kwa upande wa pili.

Kipimo kinachotumika sana kwetu kwa kuanzia ni cha uduvi wa maji chumvi. Wale uduvi wadogo, mayai yake yanauzwa makavu, unayaweka kwenye maji ya chumvi yanaanguliwa siku moja au mbili, unahesabu kumi kumi kwenye chupa, unaweka dondoo, kesho yake unahesabu waliokufa. Rahisi, bei chee, hakuna kamati ya maadili inayokusumbua. Njia hii imesambaa tangu miaka ya 80 na kwa kuchagua mti upi ufuatiliwe ni nzuri. Ila kiumbe kinachoishi majini na binadamu ni vitu viwili, na wavuvi wetu wanajua hili kuliko maprofesa. Utupa ukiutwanga ukaumwaga mtoni samaki wanaelea, na watu wamewala hao samaki vizazi na vizazi bila kufa (uvuvi huo ni haramu, usiende kujaribu), kwa sababu rotenoni iliyomo inaingia haraka kwenye mashavu ya samaki lakini tumboni mwa mtu inafyonzwa kidogo. Saponini nazo ni hivyohivyo, zinaua viumbe vya majini kirahisi. Kwa hiyo uduvi wanaweza kuuchafulia jina mti wa watu bure.

Na kinyume chake ndo kibaya zaidi. Kuna sumu zinazoitwa alkaloidi za pirolizidini, zimo kwenye mimea mingi ya jamii ya marejea, ambazo zenyewe hazifanyi kitu mpaka ini lizibadilishe. Uduvi hana ini la namna yetu, hawezi kuzibadilisha. Anaogelea tu, ripoti inatoka "haina sumu", na mtu anayekunywa kidogokidogo miezi mingi mishipa ya ini inaziba taratibu.

Tukipanda kwa panya mambo yanakuwa bora kiasi. Utaratibu namba 423 wa OECD, umoja wa nchi tajiri unaotoa miongozo ya kupima sumu, unatumia panya watatu kwa kila hatua, unawapa dozi moja hadi miligramu 2000 kwa kilo ya mwili, unawaangalia siku 14. Wakibaki hai, ile sentensi maarufu ya kwenye tesisi inaandikwa: dondoo ni salama. Hapana bwana. Umejua kwamba dozi moja kubwa haikuwaua panya wachache ndani ya wiki mbili. Hujajua kitu kuhusu figo baada ya mwaka, hujajua mimba, hujajua mtu anayemeza na vidonge vya presha.

Nirudi kwa wale wa babu zetu mana wasidhani nimewaacha. Hoja yao sio ya kijinga hata kidogo, Shirika la Afya Duniani lenyewe kwenye mwongozo wa 1991 lilikubali kwamba dawa iliyotumika kwa muda mrefu bila madhara kuonekana isiwekewe vikwazo vikali labda ushahidi mpya utokee. Kitu kinachoua mtu jioni ileile kijiji kinakikumbuka, kinaacha kukitumia. Matumizi ya miaka mia ni jaribio kubwa kuliko lolote la chuo.

Ila ni jaribio ambalo halina daftari. Linaona kinachoua haraka, halioni kinachoua polepole. Mkasa unaojulikana sana ni wa Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 90, kliniki ya kupunguza unene Brussels iliwapa wanawake vidonge vyenye mmea wa Kichina, mmea uliokusudiwa ukawa umebadilishwa kimakosa na mwingine wa jamii ya aristolokia, na zaidi ya wanawake mia wakaharibika figo, baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Na aristolokia ilikuwa kwenye dawa za asili za Uchina na Ulaya karne nyingi! Hakuna aliyeunganisha, kwa sababu anayekufa na figo miaka mitano baadaye hakuna anayekumbuka alikunywa nini. Afrika Kusini wana mzizi wa impila, dawa ya Wazulu ya siku nyingi, una sumu inayoshambulia ini na figo na waliokufa wengi ni watoto. Na ile sumu inayeyuka kwenye maji, yaani hapo ukichemsha kama bibi ndo unaitoa vizuri. Hata mwarobaini wetu, chai ya majani ni habari moja na mafuta ya mbegu ni habari nyingine, Malaysia watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kidogo tu walilazwa wakiwa na degedege na ini limeharibika.

Halafu kuna suala la mti wenyewe. Mugariga ni wa jamii moja na msunguti, ule ambao Wakamba na Wagiriama wametengeneza nao sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Porini unatofautisha, mugariga una miba na msunguti hauna. Ila mzizi ukishang'olewa, ukakatwakatwa na kukaushwa, miba iko wapi? Mganga aliyelelewa porini hatakosea. Kijana anayenunua gunia sokoni kwa mtu wa tatu anaweza. Hapo maabara inashinda bila ubishi, na wala haihitaji kuua panya.

Kuna upande mwingine ambao hauongelewi kabisa, na ni wa hao hao wanaopima. Ile solventi haiondoki yote. Miongozo ya kimataifa ya dawa inaruhusu methanoli isizidi sehemu 3000 kwa milioni, dikloromethani 600, heksani 290, klorofomu 60, benzini 2 tu. Sasa dondoo lililokaushwa haraka haraka na halijapimwa mabaki, panya akipewa ini likachafuka, ni mti au ni klorofomu? Klorofomu inaharibu ini yenyewe bila msaada wa mti wowote. Na methanoli ndo ina mtego zaidi, kwa mtu inapofusha macho lakini panya hapati shida hiyo, kwa hiyo panya atakwambia hamna kitu.

Na mwanafunzi mwenyewe anashika dikloromethani na glovu nyembamba za nitrili ambazo inapenya ndani ya dakika chache, kabati la kufyonza mvuke limeharibika au limegeuzwa stoo ya chupa, mabaki yanamwagwa sinki. Marekani mwaka 2024 walipiga marufuku matumizi mengi ya dikloromethani, maabara wakaziachia kwa masharti. Kwa usalama wa dondoo ambalo hakuna atakayelinywa tunamvutisha mvuke kijana wa miaka 24, hili mimi siwezi kulitetea. Ethanoli na maji zipo, kwa kazi ya usalama zinatosha sana.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua nasimama na maabara, ila maabara inayopima kile kinachonywewa: maji yaliyochemshwa kama mganga anavyochemsha, mti ukiwa umetambuliwa, na kwa siku nyingi. Na hapo ndo pesa inapoingia. Kipimo cha OECD cha siku 90, namba 408, kwa kawaida kinataka panya 80, chakula chao, mtu wa kuwahudumia hata sikukuu, na mtaalamu wa kusoma ini na figo kwenye darubini. Mganga anayeuza chupa kwa shilingi elfu tano hawezi kulipa, na kampuni ikilipa mganga atauliza fomula ni ya nani. Sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ilimpa baraza na usajili, haikumpa panya 80. Serikali ingelipia mimea ile michache tu ambayo watu wanaimeza kila siku bila kumuuliza mtu, mlonge, mwarobaini, mshubiri, majibu yakabandikwa zahanati zote, kabla ya kukimbilia mti mpya kila msimu wa ugonjwa mpya.