Njia Moja Hadi Zanarkand: Uzito na Kasoro za Final Fantasy X

Lawama inayorudiwa zaidi dhidi ya Final Fantasy X, tangu ilipotoka Japani mwezi Julai 2001 kwa ajili ya PlayStation 2 hadi leo ambapo vijana wa Mwanga na Ujiji wanaazimana diski ya toleo lililoboreshwa la PS4, ni kwamba hiyo si gemu bali ni filamu yenye vitufe. Mchezaji, wanasema, anapitishwa kwenye ujia mwembamba kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, na kila akipiga hatua chache anasimamishwa ili asikilize watu wakizungumza. Wanaosema hivyo hawasemi uongo, na yeyote anayeitetea gemu hii kwa kukana jambo hilo anajisumbua bure. Ninachobisha ni hitimisho lao. Abiria anayepanda treni Tabora kuja Kigoma hawezi kumwomba dereva akate kona kabla ya Kaliua, na hakuna anayeilaumu safari kwa kuwa reli ni moja. Linaloulizwa ni behewa lina hali gani na dirishani kunaonekana nini.

Gemu zilizotangulia katika mfululizo huu zilimpa mchezaji ramani ya dunia nzima, akaizunguka kwa miguu, kwa meli na hatimaye kwa chombo cha angani. Hapa ramani hiyo imeondolewa. Kutoka kisiwa cha Besaid unakwenda Kilika, kutoka Kilika unavuka hadi Luca, kisha barabara inakuchukua Mi'ihen, Djose, Guadosalam, Nyanda za Radi na Macalania, na karibu kila eneo lina mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Hata ukuaji wa wahusika umefungwa vivyo hivyo. Ule ubao mpana wa kukuzia nguvu, Sphere Grid, unatazamika kama uwanja wa uhuru, lakini kwa saa nyingi za mwanzo ni kijia chenye makufuli: Lulu atakuwa mchawi, Auron atakuwa mtu wa upanga mzito, utake usitake. Anayependa gemu za kuzurura atachoka mapema, na ana haki ya kuchoka.

Lakini tuwatazame wanaotembea katika njia hiyo. (Gemu ina zaidi ya miaka 20, kwa hiyo sitaficha kinachotokea.) Yuna ni binti mwenye uwezo wa kuwaita viumbe wenye nguvu kutoka katika roho za watu waliokufa, na yuko katika hija. Analazimika kusali katika mahekalu ya dini ya Yevon, moja baada ya jingine, hadi afike magofu ya Zanarkand, apewe nguvu ya mwisho na kumuua Sin, dubwana ambalo limekuwa likiangamiza miji ya dunia ya Spira kwa miaka 1000. Vituo vya hija hiyo vilipangwa zamani, walinzi wake, Lulu, Auron na Wakka wakiwemo, wanavijua, wanavijiji wanaowapungia mkono barabarani wanavijua, na baba yake Yuna alivipita miaka 10 kabla yake. Katika dunia hiyo nzima hakuna anayefikiri kwamba kuna njia nyingine. Wembamba wa njia anayoitembea mchezaji ndio wembamba wa imani aliyolelewa nayo Yuna. Iwe sababu za kiufundi zilichangia au hazikuchangia, umbo la gemu na jambo inalolizungumzia vimekutana.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii uko kwenye ratiba ya uhuru. Chombo cha angani kinaonekana mapema kidogo, lakini mchezaji anaruhusiwa kukipeleka atakako baada tu ya Yuna kufika Zanarkand na kuikataa ile nguvu aliyoifuata kwa muda wote huo. Bibi Yunalesca, aliyekufa karne nyingi nyuma lakini bado anapokea mahujaji, anamweleza kwamba lazima mmoja wa walinzi wake ageuzwe silaha, kwamba silaha hiyo itamuua Sin na kumuua aliyeiita, na kwamba silaha hiyohiyo ndiyo itakayogeuka kuwa Sin mpya. Dunia hununua miaka michache ya utulivu kwa roho mbili, kisha deni linaanza upya. Yuna anakataa, mzunguko unavunjika, na hapo ndipo milango inafunguka: maeneo yote ya nyuma yanaweza kurudiwa, makufuli ya ubao yanapungua, na mapambano makubwa yasiyo ya lazima yanaanza kujitokeza. Lipo jambo la kulalamikia hata hapa, kwa kuwa chombo chenyewe hakirushwi kwa mkono bali mchezaji huchagua mahali kutoka kwenye orodha, jambo linalopunguza ladha ya uhuru uliosubiriwa kwa muda mrefu.

Kipande ambacho watu wengi wamekikosea haki ni kile kicheko cha Luca. Wengi wanakifahamu kwa dhihaka tu: Tidus, kijana anayetusimulia hadithi, anasimama juu ya mji na kuangua kicheko kikavu, kikubwa, cha kulazimisha, naye Yuna anamfuatisha. Kipande hicho kikikatwa na kusambazwa peke yake kinaonekana kama ushahidi kwamba waigizaji wa sauti hawakujua kazi. Mwenye kufuata hadithi anaona kitu kingine. Tidus ametoka kuambiwa na Auron kwamba Sin ni baba yake mzazi, Jecht. Yuna, anayetembea kuelekea kifo chake, anamfundisha kutabasamu hata pale moyo unapokataa, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo anavyoishi. Wanajaribu kicheko cha uongo kwa makusudi, wenzao wanawakodolea macho kana kwamba wamerukwa na akili, kisha wawili hao wanacheka kweli kwa sababu ya upuuzi walioufanya.

Uzito kamili wa tukio hilo unakuja saa nyingi baadaye, jangwani, katika makazi yanayoungua ya watu waitwao Waalbhed. Hapo ndipo Tidus anapoambiwa kwamba mwitaji, yaani mwenye uwezo kama wa Yuna, hufa anapomshinda Sin. Walinzi wenzake wote walijua, na Yuna alijua. Tidus peke yake, mgeni katika Spira, ndiye aliyekuwa akipanga kwa furaha mambo watakayoyafanya hija ikiisha, huku Yuna akimsikiliza na kutabasamu. Mchezaji naye, kama hakudokezwa na mtu, alikuwa akipanga pamoja na Tidus. Kuanzia hapo kila ukimya wa Lulu na kila mzaha wa Wakka uliopita unabidi usomwe upya. Mimi sijui gemu nyingi zinazoweza kumgeuza mchezaji kuwa mtu aliyesema maneno ya kuumiza bila kujua. Hilo linahitaji muda, mazungumzo, na njia ambayo mchezaji hawezi kuikwepa kwa kwenda kuvua samaki mahali pengine.

Waalbhed wanastahili neno katika mkoa huu wa Kigoma ambao umeishi na wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Ni watu wanaodharauliwa kwa sababu wanatumia mashine zilizokatazwa na Yevon. Wakka anawachukia waziwazi, maana mdogo wake aliuawa vitani akiwa ameshika silaha yao, na anasafiri bega kwa bega na Rikku, mlinzi mwingine wa Yuna, bila kujua kwamba ni mmoja wao. Chuki yake haiyeyuki kwa hotuba moja. Inapungua kwa aibu, baada ya kugundua kwamba makao makuu ya dini yake, Bevelle, yamejaa mashine zilezile. Wapo wanaodai kwamba hadithi hii inaishambulia dini kwa ujumla. Sikubaliani nao. Yuna hasimami kama mtu aliyeacha kuomba au kuacha kuwasindikiza wafu. Kinachoporomoka ni viongozi waliouza tumaini wakijua kwamba halitatimia.

Upande wa mapambano sifa ni nyingi na zinasemwa haba. Mfuatano wa zamu unaonekana kando ya kioo, mlinzi yeyote anaweza kuingizwa katikati ya pambano, na kila mmoja ana kazi yake: Wakka huwaangusha wanaoruka, Lulu huwayeyusha wale wa uteute. Mwanzoni hesabu hiyo ni nyepesi mno, lakini Yunalesca anaipindua. Anawatia walinzi laana ya umaiti, ambayo hugeuza dawa kuwa sumu, hivyo mchezaji makini anakimbilia kuiondoa. Kisha katika umbo lake la tatu anaachilia pigo linalomuua kila aliye hai, na wanaobaki wamesimama ni wale waliokuwa bado na laana. Ni ukatili, ila ni ukatili wenye maana katika dunia inayotawaliwa na wafu.

Na hapohapo ndipo penye kasoro nisiyoweza kuitetea. Ukishindwa na Yunalesca, unarudi nyuma na kutazama tena mazungumzo yaleyale kwa dakika kadhaa bila njia ya kuyaruka. Ni hivyo pia kwa adui aitwaye Seymour pale mlima Gagazet. Hotuba inayogusa moyo mara ya kwanza inakuwa adhabu ikirudiwa, na gemu inaiharibu kazi yake yenyewe. Katika kibanda cha gemu ambako mtu analipia kwa saa, na umeme unaweza kukatika wakati wowote, kasoro hiyo inageuka kuwa hasara ya fedha. Seymour mwenyewe ni adui aliyeandikwa nusunusu: anapigwa mara nne, na hoja yake kwamba kifo ndicho pumziko pekee haipati nafasi ya kuaminika. Mchezo wa mpira wa majini, blitzball, unasifiwa na wahusika kama ndio roho ya Spira, kumbe kuucheza ni kuchagua amri moja baada ya nyingine polepole. Kukwepa radi mara 200 mfululizo ili kuipa nguvu silaha ya Lulu ni kazi ya kibarua. Sauti za Kiingereza nazo zililazimika kufuata midomo iliyokwisha kuchorwa kwa Kijapani, ndiyo maana Yuna wakati mwingine anazungumza kwa mapigo ya ajabu.

Mwaka 2006 wasomaji wa jarida la Famitsu huko Japani waliipigia kura kuwa gemu bora kuliko zote. Kura hiyo ilipigwa na watu waliokuwa wakielewa kila neno linalosemwa, na hapa ndipo ninapowaelewa vijana wetu kuliko ninavyoelewa wakosoaji wa kigeni. Anayebonyeza kitufe kupita maandishi ya Kiingereza kwa sababu hayamwingii atabakiwa na ujia peke yake, na kwa mtu huyo malalamiko ya filamu yenye vitufe ni sahihi kabisa. Toleo la kompyuta la mwaka 2016 linaruhusu kuongeza kasi na kuzima mapambano ya njiani, nami ningeshauri uwezo huo utumike bila aibu wakati wa kutafuta silaha mwishoni. Njia ya kwenda Zanarkand ningeiacha kama ilivyo, uchovu wake ukiwemo.